Joho la Kijani la Maiti

Joinville, Jumapili, 19 Machi 1961

Mama yangu mpenzi,

Nakusalimu kwa heshima na mapenzi mengi. Natumaini barua hii itakukuta u mzima, goti limetulia na theluji imeanza kupungua huko juu. Dada Noëlie aliniandikia kwamba yule ng'ombe wa pembe moja alichelewa kuzaa mkakesha naye siku mbili. Natumaini ndama yuko hai. Msalimie Noëlie, msalimie na shemeji Firmin, na Bi Chabrier wa posta kama bado anaulizia habari zangu, maana najua anaulizia.

Mimi sijambo. Agnès naye hajambo. Ametimiza miezi mitano, ana meno mawili ya chini, na akishika kidole chako hakiachi. Utanisamehe mwandiko wangu, naandika mtoto akiwa mapajani na meza yenyewe ni sanduku.

Barua yako ya Februari niliipata, pamoja na karatasi ya wakili. Nimeisoma mara nyingi. Umesema Noëlie na Firmin wamekaa miaka minane bila mtoto, nyumba yao ina vyumba viwili vitupu, Firmin hanywi, na kijijini wataambiwa kwamba mtoto ni yatima aliyetolewa mjini. Umesema mimi nitakuja likizo kama kawaida, na Agnès atakuwa ananiita mama mdogo. Umetaka nisaini na kuirudisha kabla ya Pasaka. Sikujibu mapema, na najua ulikuwa unatazama njia ya mleta barua kila asubuhi. Leo nakujibu, lakini kwanza nikueleze kazi yangu ilivyokwenda, kwa sababu jibu limetokea huko.

Tangu Januari niko kwenye filamu kama mvishaji. Nawavalisha waigizaji, napiga pasi, nashona kilichochanika. Filamu yenyewe ni ya kuchekesha na ya nyimbo, na ndani yake mtu ameuawa. Wote wanaoonekana ni wanawake, saba. Wamo kwenye nyumba kubwa kando ya mto, mto umefurika, mashua ya polisi haiwezi kufika, na mwenye nyumba amelala kifudifudi kwenye kochi la sebuleni, mkasi umesimama mgongoni mwake. Mmoja wao ndiye aliyeua. Mke, mama mkwe, binti, mpishi, mwalimu wa piano na wengine, kila mmoja ana wimbo wake, na mwisho wanaimba wote pamoja wakimzunguka marehemu, kwa sababu hawaruhusiwi kumsogeza. Jina la filamu wanalibadilisha kila wiki kwa hiyo sikuandikii.

Mkubwa wangu ni Madam Ravoux, mwanamke wa miaka sitini mwenye pini kifuani kama nungunungu. Siku ya kwanza alinikalisha akanifundisha yasiyofaa. Nisipige mluzi. Nisilete maua ya karnesheni. Nisitamke kamwe neno la kile kitu tunachofungia ng'ombe. Mimi siku ya pili tu nikasema niletewe kamba nianikie magauni, na studio nzima ikanigeukia. Fundi mmoja wa taa akaniambia we dada wa milimani, umetuua, sasa nenda ukatununulie wote kinywaji la sivyo taa itakuangukia wewe wa kwanza. Nikawanunulia. Wakanywa wakanisamehe, na tangu siku hiyo jina langu likawa Milimani.

Na la mwisho alilonifundisha ni kijani. Watu wa jukwaa hapa Ufaransa hawavai kijani, Mama. Hata soksi. Nilimwuliza kwa nini, akasema watu wamekufa kwa kijani. Nikamwambia kwetu malisho yote ni ya kijani na tunakufa kwa uzee. Akaniambia nifunge mdomo nitie uzi kwenye sindano.

Sasa yule mchoraji wa mavazi aligawa rangi, kila mwanamke na yake. Mke akapewa nyekundu, mama mkwe zambarau, mpishi njano, hivyo hivyo. Kijani kikabaki hakina mwenyewe. Akaona ampe marehemu, joho la nyumbani la kijani cha chupa, zito, zuri. Akasema aliyekufa hana bahati ya kupoteza. Wakacheka wote, na joho likatundikwa kwenye msumari. Wiki ya pili binti wa kwenye filamu, anaitwa Josyane, akapigwa picha akiimba huku amelikumbatia joho hilo. Likawa limeshaingia kwenye filamu. Halibadiliki tena.

Niendelee na habari ya Agnès. Bi Huguette anayemlea mchana, watoto wake wote watatu walipata tetekuwanga mwanzoni mwa mwezi huu, akanikataza kumpeleka mpaka vipele vikauke. Sikuwa na pa kumweka. Nilimleta kazini ndani ya kikapu cha nguo, nimemfunika kwa sketi za ndani. Ni kosa la kufukuzwa, na Bwana Kervella, mwongozaji, ni mtu anayesikia hata saa ya mkononi ikitembea. Madam Ravoux alifunua kikapu akamtazama mtoto, akanitazama mimi, akasema kifua hakijui sheria za studio, kitajaza maziwa kwa nani kama si kwa huyo. Kisha akamtengenezea kitanda kwenye droo kubwa ya kofia, ndani ya chumba chetu cha nguo. Chumba hicho kimetenganishwa na seti kwa ubao mwembamba tu.

Siku mbili hazikuisha wanawake wote saba wakajua. Walikuwa wakija mmoja mmoja kama wanakuja kubana kiuno cha gauni. Josyane alikuwa akimpaka rangi ya mdomo puani. Madam Irène Valcourt, yule mke wa filamu, ambaye wewe unamjua, picha yake ilikuwa kwenye kalenda ya mwokaji mikate, alikuwa akimchukua, anamweka begani na kutazama dirishani. Siku moja alinisimulia habari zake. Alisema naye alipata mtoto akiwa na miaka kumi na tisa, na mtoto huyo sasa ni mwanamke mzima, anafundisha shule, na kila Krismasi humwandikia barua inayoanza na Madam, wala si Mama. Alinirudishia mtoto akanitaka nimfunge vifungo vya mgongoni.

Jumatano ya tarehe nane ilikuwa siku ya wimbo wa mwisho. Wanawake saba walikaa wakipakwa rangi usoni tangu saa kumi na moja alfajiri. Saa tatu akafika Bwana Anselme, mzee aliyeajiriwa kuwa maiti. Mtu mstaarabu, ana kofia na glavu, amefanya kazi ya jukwaa miaka arobaini. Nilimletea joho. Alilitazama, akavaa kofia yake tena. Madam Ravoux akamwambia Anselme, acha utoto, si utalala tu. Yeye akasema amekufa kwa mavazi ya kijivu, amekufa kwa meusi, mara moja amekufa uchi ndani ya beseni la kuogea mwezi wa Desemba, lakini kufa kwa kijani hapana, ana mke na wajukuu. Bwana Kervella alimbembeleza, akamtukana, akambembeleza tena. Mzee akatuaga mmoja mmoja kwa kutupa mkono, akaenda kituoni kungoja treni.

Hapakuwa na wa kushika nafasi yake. Mafundi wa taa walipoulizwa walikuwa ghafla wote wana kazi juu ya ngazi. Msaidizi wa kamera alisema mama yake angemlaani. Na Madam Valcourt alikuwa anasafiri kwenda Roma Ijumaa, haikuwezekana kungoja. Bwana Kervella akasimama katikati ya sebule ile ya uongo akatutazama sote, kisha akaniambia Milimani, hebu geuka. Nikageuka. Akasema mgongo huo umeupata wapi. Nikamwambia ni wa marehemu baba yangu, na ndoo za maziwa tangu nina miaka tisa. Akaniuliza kama naogopa kijani, nikamwambia hapana.

Hivyo ndivyo nilivyokuwa maiti, Mama. Walinikata nywele nyuma na pembeni kama mwanamume, usishtuke ukiniona. Nilivaa suruali, viatu vya Bwana Kervella mwenyewe, na joho ambalo mimi mwenyewe nilikuwa nimelishonea kipande cha gome la kizibo kwa ndani ili mkasi ushike. Madam Ravoux aliuchomeka akisema samahani. Nililala kifudifudi, mkono mmoja ukining'inia, uso umezamishwa kwenye mto. Nilikatazwa kupumua kwa mabega. Nilipumua kwa tumbo.

Nyimbo za filamu hazirekodiwi siku ya kupiga picha. Walishaziimba Desemba mahali pengine, na hapa zinatoka kwenye spika kubwa, wao wanafungua midomo tu na kucheza. Kwa hiyo wakati wa wimbo hakuna anayetuambia tunyamaze. Nyundo zinaweza kugonga, mtu anaweza kukohoa, hakuna kinachoharibika. Nakueleza hili ili uelewe kilichofuata.

Wimbo ulikuwa wa dakika nne. Wanawake wananizunguka, wanasema huyu mume hakuna aliyempenda, mmoja anachukua biskuti mezani, mwingine ananichomoa saa mkononi, Madam Valcourt anakaa juu ya miguu yangu kama juu ya kiti na kupaka kucha rangi. Inachekesha, mtaona. Walirudia mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kila mara kitu hakikukaa sawa. Saa tano ikapita, na saa tano ndiyo saa ya Agnès ya kunyonya.

Mara ya sita nilimsikia. Alianza taratibu kama anavyoanza, kama mtu anayeuliza jambo. Kisha akalia. Ni kilio cha njaa, nakijua, hakifanani na kile cha kubanwa na nguo wala kile cha usingizi. Wimbo ulikuwa mkubwa sana kwenye spika, na Bwana Kervella alikuwa mbali, ng'ambo ya kamera, akipiga mguu kwa kufuata ngoma. Hakusikia. Mimi nilikuwa nimelaza kichwa upande wa ubao. Nilisikia peke yangu, na wale saba.

Ilipofika zamu ya Josyane ya kuniinamia alisema, uso umegeukia kwangu ili kamera isimwone, kwamba Ravoux amembeba, anampa maji ya sukari, tulia. Mara ya saba Madam Valcourt akiwa amekaa juu yangu akasema kwa meno yaliyofungwa maiti anatetemeka, jikaze mwanangu, ukiinuka sasa tunarudia mpaka jioni na yeye ndiye atakayengoja. Alisema kweli. Nikajikaza. Maziwa yakatoka yenyewe. Yalilowesha shati, yakalowesha joho, yakaingia kwenye kochi, na mimi nimelala juu yake. Mtoto alilia mara ya saba yote, na ya nane, na ya tisa. Sikusogeza hata kidole. Mara ya kumi alikuwa amenyamaza.

Ya kumi na moja ndiyo iliyofaa. Bwana Kervella alikuja akapiga magoti karibu na kochi akasema nyote tazameni, hivi ndivyo watu wanavyokufa, miaka ishirini nafanya kazi hii sijapata maiti kama huyu. Wakanipigia makofi, mafundi wa taa pia, kutoka juu ya ngazi. Alipoona kochi limelowa akauliza, na Madam Valcourt akasema amekigonga chombo cha maua, na kama anataka kulipisha amlipishe yeye. Kwenye chombo hicho kulikuwa na maua ya karatasi. Hakuuliza tena.

Nilikwenda chumba cha nguo nikiwa bado na mkasi mgongoni. Agnès alikuwa amelala kwenye droo, uso umeelekea ukutani, amejikunja. Madam Ravoux alisema alichoka akaacha. Nilimwita hakuamka. Nilimnyanyua nikampa titi, akanyonya bila kufumbua macho, na hakunishika kidole.

Nilikaa pale na joho lile. Nje walikuwa wanakula, nasikia wanacheka, Josyane alikuwa anawaigizia jinsi Anselme alivyovaa kofia. Nilifikiri, Mama, sikulia. Nilifikiri kwamba leo nimesifiwa kwa kitu kimoja tu, kwamba mwanangu amelia na mimi sikusogea. Na kwamba nikiisaini ile karatasi, kazi yenyewe ndiyo hiyo. Nitakuja likizo, nitalala chumba cha juu, nitamsikia analia chini kwa Noëlie, na nitatakiwa nitulie. Mwaka baada ya mwaka. Na ninyi wote mtaniambia nimetulia vizuri. Nilitulia asubuhi moja tu na najua sitaweza ya pili.

Sasa nakueleza nililolifanya, na naomba ukae chini kabla hujasoma.

Jumanne iliyopita niliomba ruhusa ya muda wa saa mbili nikaenda na Agnès ofisi ya mji. Unajua sheria ilivyo kwa sisi tusioolewa. Hata umemzaa mwenyewe, kwenye kitabu bado si wako mpaka uende kwa miguu yako ukatamke kwamba ni wako. Nilikuwa sijaenda. Oktoba ulinishauri ningoje, nikangoja. Karani alikuwa kijana mwenye mafua. Aliniuliza kama yuko baba wa kuandikwa, nikasema hayupo. Akaniuliza kazi, nikasema mvishaji. Akanitazama nywele, nilikuwa nimeazima kofia ya Josyane lakini bado zinaonekana. Akaniambia nifikiri, kwa sababu akishaandika haifutwi na yeye wala na hakimu wala na mimi nikijuta. Nikamwambia aandike. Akaandika, nikasaini mahali aliponionyesha. Sasa anaitwa Agnès Vidalenc, binti wa Lucette Vidalenc, na ni jina la marehemu baba yangu vilevile.

Karatasi ya wakili nakurudishia humu ndani, haijasainiwa. Najua utakasirika. Najua Noëlie alishatoa kile kitanda cha mbao cha mtoto darini akakisugua, aliniandikia. Kitu kinachoniuma katika yote haya ni kitanda hicho. Mwambie nilikuwa nataka kumwandikia mwenyewe lakini kila nikianza nafuta. Mwambie naomba awe mama wa ubatizo, kama bado anaweza kunitazama. Asiponijibu sitamlaumu.

Kwamba nitaishije usihangaike sana. Filamu inaisha Jumatano. Madam Ravoux amenipatia nyingine itakayoanza baada ya Pasaka, ya wanajeshi, nguo zote za rangi moja. Bi Huguette atampokea tena, vipele vimekauka. Mshahara ni mdogo, chumba kina jiko na dirisha. Nina matumaini, Mama. Sijui nimeyatoa wapi lakini ninayo, naamka nayo kila asubuhi.

Filamu itafika Aurillac kwenye vuli. Ukienda na Bi Chabrier, msitafute uso wangu, hautaonekana. Utaona mgongo tu. Nadhani utaujua.

Na hili ndilo la mwisho. Tunakuja. Tutapanda treni ya usiku Jumamosi na kuunganisha basi la Jumapili ya Matawi, lile linalofika mbele ya kanisa saa tano na nusu, watu wakitoka misa na matawi yao mikononi. Dereva huwa anawashusha wanaotaka pale kwenye kona ya kiwanda cha jibini, mtu anapita nyuma ya bustani hadi nyumbani bila kuonwa na yeyote. Novemba nilishuka pale, kwa sababu uliniomba, na Agnès nilimwacha huku. Safari hii nitashuka kanisani, nimembeba, uso wake nje ya shali. Atakuwa na kofia ya kitoto ya njano ambayo Madam Valcourt aliikata kwenye gauni la mpishi kabla ya kwenda Roma. Kama utasimama kwenye ngazi za kanisa nitakuja kwako moja kwa moja. Kama hutasimama, nitawasalimia watu wote waliopo, mmoja mmoja, niwaambie jina lake, kisha nitapanda nyumbani taratibu, upate muda wa kufika kabla yetu.

Agnès anakusalimu. Nimemshikisha kalamu hapa chini, doa hilo ni lake.

Akubusuye kwa upendo na heshima,

binti yako,
Lucette